Bangili za lastiki: hatimaye nimejua ile sentimita moja ilikuwa inaenda wapi

Imekubali! Bangili kumi na moja, mikono kumi na moja, na leo alasiri zote zimevaliwa bila hata moja kurudi. Naandika sasa hivi kabla sijasahau manake hii kitu imeninyima usingizi wiki tatu.

Mambo ya kufunga fundo na kuvuta lastiki kabla ya kutunga mnayajua, siyarudii. Shida yangu ilikuwa saizi tu. Miaka yote nimekuwa na hesabu moja, pima kifundo cha mkono, ongeza sentimita mbili, tunga, funga. Haijawahi kuniangusha hata siku moja, na hapo ndo nilipopotea, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa natunga shanga za mili sita, yaani upana wa milimita sita. Sasa ikaja oda ya harusi huku Langoni, bibi harusi anataka wasichana wake wote kumi na moja wavae bangili za aina moja, shanga nene za mili kumi, rangi ya maziwa. Nikawapima mmoja mmoja, nikaongeza mbili zangu, nikatunga siku mbili mfululizo. Wa kwanza kujaribu kifundo chake ni 16, kwa hivyo nimemtungia 18, yaani shanga 18. Ikamkaba, kama imepungua sentimita nzima. Alipoivua mkono mzima una alama za duara duara.

Mamangu akasema si ni lastiki mwanangu, itavutika, mwambie avae tu itazoea. Nampenda mamangu lakini hilo neno "itavutika" limeharibu bangili nyingi sana hapa Lamu na kwengineko. Lastiki haizoei, lastiki inachoka. Bangili ikikaa imevutwa saa zote uzi unaonekana katikati ya shanga, ile rangi nzuri uliyohangaika nayo yote inapotea, halafu siku si nyingi inakatika palepale kwenye fundo na shanga zinamwagika barabarani chini ya miguu ya punda. Lastiki kazi yake ni kupita kiganja wakati wa kuvaa, ikishafika kwenye kifundo inatakiwa ipumzike.

Basi nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikashuku tepu. Ni tepu ya kushonea ya zamani, ya kitambaa, nikailaza na rula ya chuma na kweli imevutika, penye 16 yake rula inasoma 16 na mili tatu. Nimenunua mpya. Lakini mili tatu si sentimita nzima. Halafu nikashuku joto, manake hii kaskazi mikono inavimba, nikampima binamu yangu asubuhi na alasiri, tofauti mili nne hivi. (Tangu siku hiyo napima alasiri tu.) Bado haijatosha. Nikawa nafungua naongeza shanga moja, huyu inamtosha, yule bado inabana, nikimuongezea nyingine inapwaya, nimekata uzi mpaka vidole vinauma na hakuna kanuni ninayoiona.

Jibu nimelipata kwa sonara. Nilipeleka cheni ya bibi ikatiwe kifungo, nikamkuta anakata fedha ya kutengeneza pete, anapima kidole halafu anakata kirefu zaidi. Nikamuuliza, mzee, mbona unaongeza? Akanambia, mwanangu, fedha ina unene, ukikata sawa na kidole ukishaikunja haiingii. Chukua upana wa tundu, ongeza unene wa fedha, ndo uzidishe kwa tatu na kitu.

Wallahi nilisimama pale nimeduwaa. Uzi wangu unapita katikati ya ushanga, lakini ngozi inagusa tumbo la ushanga, nusu ushanga huku na nusu ushanga kule, kwa hivyo duara la uzi lina upana wa mkono na juu yake upana wa ushanga mmoja mzima. Ule upana wa ushanga ukiuzidisha kwa 3.14 ndo unapata urefu unaoliwa. Shanga za mili sita zinakula sentimita 1.9, ndo maana mbili zangu zilikuwa zinatosha miaka yote! Za mili nne zinakula 1.3, za mili nane 2.5, za mili kumi 3.1, za kumi na mbili karibu 3.8. Yule msichana wa 16 nilimpa uzi wa 18, toa 3.1, ndani kumebaki chini ya 15. Lazima imkabe.

Sasa naongeza ule ulaji, halafu nusu sentimita ya kupumua. Kwa yeye inakuja 19.6, na hapa shanga nene zina ubishi wao, zinaruka sentimita nzima kila moja, 19 inabana kidogo na 20 inashuka. Dawa yake ni shanga 19 na vishanga viwili vya mili tatu vya kujazia, navificha kando ya fundo. Ikakaa vizuri mashallah, nikafungua zote kumi na moja nikatunga upya.

Kwa kujaribu nimekata kipande cha paipu ya PVC ya mili 50, mzunguko wake nje ni 15.7, na kingine cha 63 ambacho kinakuja 19.8, navizungushia karatasi mpaka nifike saizi ya mteja. Ni bora kuliko kile kijiti cha kupimia bangili kinachouzwa ghali. Na supaglu ya kutia kwenye fundo nimeiacha kabisa, inagandisha lastiki inakuwa ngumu halafu inavunjika pembeni ya fundo. Gundi laini ya vito ni ghali lakini inakunjika na uzi.

Nilipanga leo nitengeneze jedwali la saizi tatu, mtoto, wastani na mkubwa. Sijaligusa, kwa sababu nimeanza kukata vidude vya kifuu cha nazi, duara bapa za upana mili kumi na unene mili tatu, na hesabu yake imenikamata. Kwenye uzi kila kimoja kinachukua mili tatu tu, lakini kwenye ngozi kinakula kama ushanga wa mili kumi, manake kinachogusa mkono ni upana wake. Mkono wa 16 ukatoka vidude 65, na saizi imekaa sawa mara ya kwanza bila kufungua. Ila baada ya isha uzi ukakatika wenyewe juu ya meza. Matundu ya kifuu yana makali kama msumeno, nimepitisha kidole nikayahisi. Nimeviringisha msasa mwembamba kwenye sindano ya kushonea magunia, nimeshalainisha vidude ishirini, bado arobaini na tano.