Fedha ya kwenye madumu

Saa 12 asubuhi, Igoma, Mwanza. Chai, chapati moja, glovu, kirikuu iwake. Wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema nabeba maji yanayonuka. Ni fiksa iliyotumika, ile dawa ya kuifanya picha ya filamu isifutike, ya vyumba vya giza vya eksirei na studio chache ambazo bado zinasafisha filamu.

Saa 2 hadi saa 4: vituo vitatu, madumu sita, saini, tuondoke.

Saa 4 na nusu, studio ya mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua fedha yangu tena?"

Hapa Kiswahili chenyewe ndicho kinachoniponza. Nikisema fiksa inayeyusha fedha ya kwenye filamu, yaani ile madini, yeye anasikia noti. Nimemweleza kwamba ni gramu chache tu kwa lita, mafuta ya gari yanakula zaidi ya hapo. Wapi! Dakika arobaini tumesimama mlangoni. Mwisho akasema basi atamwaga mwenyewe kwenye mfereji.

"Mzee, mfereji huu unaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani. Fedha hiyo ni sumu kwa viumbe vya majini, na sato wako wa mchana anatoka huko huko."

Nikamkumbusha pia Sheria ya Mazingira ya 2004: taka hatarishi hazimwagwi ovyo, na hata mimi bila kibali siruhusiwi kuzigusa. Akasaini, kwa kununa. Nikafungua dumu nikague. Lahaula! Kachanganya devalopa, dawa ya kutokeza picha, na fiksa humo humo. Amonia ikanipanda puani, machozi yakatiririka.

"Sasa unalia nini, na fedha nimekupa?"

Dumu hilo nimelitenga, halifai kuchujwa na mengine.

Mchana sikumbuki nilikula nini. Stoo joto, mgongo unauma, madumu yanapita moja moja kwenye pipa lililojaa nyuzi za chuma, kama zile za kusugulia sufuria. Chuma kinayeyuka, fedha inabaki chini, tope jeusi ambalo hata mwizi hawezi kulitamani. Kisha natumbukiza kipande cha waya wa shaba kwenye fiksa iliyopita. Ukitoka na rangi ya kijivu, fedha bado imo, rudia.

Leo umetoka wa kijivu mara mbili. Mara ya tatu ukatoka mwekundu vile vile. Nikafunga pipa lisubiri gari la taka hatarishi, maana hata hapo fiksa haimwagwi. Kwa jirani walishaanza kukaanga dagaa.