Mabaki tunayo, makavu hatuna

Leo lundo letu la mboji, mbolea ya mabaki yaliyooza, limefuka mvuke. Wanafunzi walipolipekua kwa sepetu waliruka nyuma, wakidhani linaungua. Kipimajoto kilisoma nyuzi 58, na yule anayeziba pua kila tukikutana ndiye aliyeng'ang'ania kukishika. Niliwaeleza kwamba hapana moto humo. Ni bakteria wanaokula na kupumua, nalo joto lao halipati pa kutokea.

Kufundisha mboji mjini kumenionyesha kwamba shida si mabaki ya chakula. Hayo yamejaa ndoo kabla ya adhuhuri. Tunachokikosa ni kikavu. Shambani kuna mabua na nyasi. Huku majani hufagiwa alfajiri na kupelekwa jaani. Na lundo linataka kaboni, iliyojaa kwenye vikavu, sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, ilhali mabaki mabichi peke yake mara nyingi hayafiki hapo. Basi wanafunzi wangu wamekuwa wasaka maboksi. Wanayachana, wanabandua utepe wa plastiki, wanaomba maranda kwa maseremala.

Malalamiko ya harufu siyakatazi tena. Nauliza: harufu gani? Ikiwasha pua kama mkojo uliolala, naitrojeni imezidi, ongeza kikavu. Ikiwa ya yai viza, hewa haipiti, geuza. Hapo ndipo nilipopenyeza habari ya gesi ya methani inayozalishwa jaani, chakula kinapooza bila hewa. Wangeipata kitabuni, lakini sidhani kama ingewakaa hivi.

Tulibishana kuhusu nyama. Mmoja alisema nayo huoza, na kweli huoza. Ila lundo letu limezungukwa na madirisha ya watu, na panya mmoja akionekana, hakuna jirani atakayesubiri nimalize maelezo. Nyama, mifupa na mafuta havimo. Hapo nimekuwa mkali.

Lundo la zamani limeshapoa, nao wanataka kulimwaga bustanini leo leo. Mboji changa huweza kudumaza miche, kwa hiyo tumeijaza kwenye makopo na kupanda mbegu za kujaribia. Zikichipua vizuri, tutaitumia. Zikisinyaa, ingali haijaiva. Wameandika majina yao kwenye makopo, na tayari wanapigania la karibu na dirisha.

Kesho ni zamu ya darasa jingine. Nimeshaambiwa katoni zimekwisha.