Kijana wa Boshori

Nauli ya Nakuru kwenda Kisumu ilikuwa shilingi mia nane siku ya Alhamisi. Ijumaa alfajiri nilipofika steji ilikuwa elfu moja na mia mbili. Nilipomuuliza makanga sababu, alinijibu kama mtu anayenionea huruma: "Madam, wikendi hii kuna matanga mawili upande ule." Nikalipa. Tukapangwa ndani watu kumi na wanne na jogoo mmoja, nami nikapewa kile kiti cha juu ya gurudumu ambacho magoti yako hukaa karibu na kidevu.

Mimi sikuwa naenda matanga. Nilikuwa napeleka utosi wangu kwa daktari wa ngozi. Nakuru madaktari hao wapo, tena wazuri, lakini Nakuru ndiko ninakofundisha, na mwalimu hana foleni ya hospitali asiyokutana na mzazi ndani yake. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeficha duara la ukubwa wa kisahani cha chai, kwanza kwa rasta, halafu kwa wigi, mwishowe kwa kilemba. Ndani ya mkoba nilikuwa na elfu themanini za chama. Niliamini nitaziweka mezani kama malipo ya kwanza, nipandikizwe nywele, niisahau habari hii.

Kabla gari halijaondoka, mama mmoja wa kiti cha mbele alisimama kutuombea safari. "Wanaume, kofia tafadhali." Kofia zote zikatoka isipokuwa moja. Kijana aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa na boshori nyeusi ya sufi iliyoshuka hadi kwenye nyusi, na alijifanya amelala. Mama akarudia. Kijana akakoroma, tena vibaya, maana mtu aliyelala kweli hakoromi kwa mpangilio ule. Maombi yakaendelea, ila mama aliongeza ombi dogo kuhusu vijana wa siku hizi.

Salgaa tulipita vizuri. Mlima wa kuelekea Mau Summit ndipo gari lilianza kunuka, na tulipoiacha barabara ya Eldoret na kushika ile ya Kericho likachemka kabisa. Dereva akaegesha kando ya shamba la viazi. "Dakika kumi," akasema makanga. Tulikaa saa tatu u nusu. Fundi alitoka Londiani kwa pikipiki bila spana, akarudi kuifuata, na mvua ya huko, ambayo ni baridi kuliko maji ya friji, ikaanza kabla hajafika tena. Niliuziwa chai ya thermosi kwa shilingi hamsini, nusu kikombe, nikainywa bila maneno.

Paa la gari lilikuwa linavuja juu ya kichwa cha yule kijana na si kwingine. Tone la kwanza alilivumilia. La pili akasogea. Hakukuwa na pa kusogea. Mwishowe boshori ililowa, akanitazama kwa macho ya mtu aliyekamatwa, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, usicheke." Akaivua.

Sikucheka. Sehemu ya mbele ya kichwa ilikuwa na wekundu kidogo, na nywele fupi zimesimama kama miche iliyopandwa kwa kamba, nyingine zimeinama, kwingine pengo. Kisogoni, kote nyuma, palikuwa na vidoa vidogo vyeupe, kama mtu aliyerushiwa chokaa. Akaigeuza boshori nje ndani, akaninyooshea. Ilikuwa imejaa vipande vya nywele, vifupi kama vile vinavyobaki kwenye shingo ya mtu akitoka kinyozi. Kimoja kilishika kidole changu. Mwishoni kilikuwa na kitone cheupe, kidogo kuliko kichwa cha sindano.

"Unaona hicho? Ni mzizi. Unatoka na mzizi wake. Nimeibiwa, dada."

Akanieleza. Ni mlinzi Doha. Upara ulimwanza akiwa na miaka ishirini na minne, kama baba yake, kama ami zake wote. Aliweka akiba, akapanda ndege kwenda Istanbul, dola elfu mbili pamoja na hoteli. Daktari alimwona dakika tano za kuchora mstari wa paji kwa kalamu. Waliobaki ni wasaidizi. Alidungwa ganzi, akalala kifudifudi, wakatoa vipandikizi elfu mbili na mia tano kisogoni, kimoja kimoja, kisha akageuzwa wakavipanda mbele. Siku nzima. Karatasi ya maelekezo alipewa, ikapotea na begi uwanja wa ndege. Sasa ni wiki ya tatu, yuko likizoni, na kila asubuhi mto umejaa dola zake.

Nilitaka kumfariji lakini sikuwa na elimu. Nilichokuwa nacho ni kilemba. Nikatazama kama mama wa maombi amelala, nikakifungua, nikainamisha kichwa.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Pole, dada. Wewe nawe ulienda wapi?"

"Mimi sijaenda popote. Hii ni ya hapa hapa Nakuru."

Tulicheka hadi jogoo akaamka. Saa nzima iliyobaki tuliongea vichwa wazi, nami sikumbuki lini nilikaa na mtu mgeni hivyo. Alinieleza kwamba nyumbani kwao ni Ahero, mama yake huuza mchele kando ya barabara, na hajamwambia ukweli. Nilimweleza la kwangu ambalo hata mume wangu hajalisikia lote: kwamba nilichelewa kwa sababu niliwahi kudanganyika. Nilipojifungua kitindamimba, mwezi wa tatu hivi nywele zilinitoka kwa vishungi, bafuni, kwenye mto, hadi kwenye uji wa mtoto. Mama mkwe akasema zitarudi. Mtoto alipokaribia mwaka, kweli, zote zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo utosi ulipoanza kuwasha na kuwa mwepesi miaka mingine baadaye, nilisubiri. Nilijua zinarudi. Nilisubiri miaka mitatu.

Gari lilipopona tukafunika vichwa. Kericho na chai yake sikuiona, nilisinzia. Tulipoteremka kuelekea Awasi joto likatupiga usoni, na Ahero kijana akashuka na boshori yake, akanipungia mkono. Kisumu nilifika saa kumi, kliniki ikikaribia kufungwa.

Daktari mwenyewe ana kipara. Nilisimama mlangoni nikifikiria nauli yangu. "Najua unachowaza, mwalimu," akasema. "Mke wangu amenizoea."

Upara wake ni ule wa kurithi, kama wa kijana wangu. Homoni ya kiume husinyaza vishina vya mbele na vya utosini mwaka baada ya mwaka, hadi kinachoota ni malaika tu. Vya kisogoni haviijali homoni hiyo, na ukivihamishia mbele vinakwenda na ukaidi wao. Daktari mmoja wa New York, Norman Orentreich, ndiye aliyeonyesha hivyo katika miaka ya 1950, na hoteli zote za Istanbul zinazojaa watu waliofungwa bendeji zinakula kwa jambo hilo moja.

Kisha akanivua kilemba, akashika kioo chenye taa, akawa anakisogeza polepole sana kama anayesoma Kurani yenye herufi ndogo. Akaanzia pembeni, juu ya masikio. "Hapa umevutwa. Rasta?"

"Rasta, na mistari. Tangu nikiwa mdogo."

"Ukisukwa, ulikuwa unaumwa?"

Nikacheka. Jumamosi jioni kwetu Njoro, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya mama, kitana cha mbao, na mkono wake unaonukia mafuta ya mgando. Ukilia unapigwa kitana begani. Msuko mzuri ni ule unaoyavuta macho yawe ya paka. Ukiweza kufumba macho vizuri, haujakaza. Vipele vya Jumapili kwenye paji la uso vilikuwa alama ya mtoto anayetunzwa. Mama yangu hakuwa na fedha ya kunivisha kama watoto wa mwalimu mkuu, lakini hakuna aliyewahi kwenda kanisani na kichwa nadhifu kuliko changu.

"Vile vipele," akasema daktari, "vilikuwa vishina vinalalamika."

Habari njema ni kwamba pembeni bado aliona vitundu na malaika wachache. Vimechoka, havijafa, vikiachwa bila kuvutwa na kupakwa minoxidil kwa miezi, huenda vikaamka. Dawa hiyo, akaniambia, ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi mashavuni. Ila atakayeipaka wiki mbili akaacha ametupa pesa.

Alipofika utosini alinyamaza. Akaniita nitazame kwenye skrini. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, bila kitundu hata kimoja, kama ganda la yai. Nywele nilizopoteza baada ya uzazi, alisema, zilikuwa zimekwenda tu kupumzika kwa pamoja. Uzazi, homa kali au operesheni huzituma likizo, na baada ya miezi michache zinarudi kazini. Hapa utosini ni jambo jingine. Anashuku ugonjwa unaoanzia katikati na kutanuka kama mawimbi ya jiwe lililotupwa ziwani, unaoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Uvimbe huzunguka shina, huliua, kovu hukaa mahali pake. Rasta peke yake haiwezi kubebeshwa lawama yote. Hata damu ya ukoo ina mkono wake.

Nikafungua mkoba, nikaonyesha bahasha. "Basi nipandikize."

"Nikipanda leo, moto ulio chini utaviunguza na vipya." Kwanza vidonge na sindano za kuutuliza. Ukitulia mwaka mzima au zaidi, ndipo tuzungumze, na hata hapo tutajaribu kipande kidogo. Tena shina la nywele zetu limepinda chini ya ngozi kama ndoana, kwa hiyo chombo kinachoingia wima hulikata. Inataka mkono uliozoea. Akanishika ndewe za masikio kuona kama makovu yangu huvimba. Akadunga ganzi, akachukua kipande cha ngozi upana wa milimita nne, akashona uzi mmoja. Majibu wiki mbili. Kumwona elfu tatu na mia tano, kipande cha ngozi elfu tisa. Milimita nne, elfu tisa! Kwa hesabu hiyo mimi ni tajiri.

Nikiwa mlangoni nikamkumbuka kijana, nikamweleza habari ya boshori.

"Wiki ya tatu? Ni kawaida. Zilizopandwa huanguka karibu zote kati ya wiki ya pili na ya nane. Kile kitone cheupe si shina. Shina limebaki chini, limeshtuka tu. Mwezi wa tatu au wa nne zitaanza kuchomoza, na sura kamili ataiona baada ya mwaka. Hakuna aliyemwambia?"

Sikuwa na namba yake.

Jumamosi sina la kusimulia ila samaki, ngege wa Dunga, mdogo kama kiganja, kwa bei ambayo Naivasha ningenunua watatu. Jumapili nikapanda gari la kurudi, na Ahero nikashuka, makanga akinisonya kwa sababu nauli hairudishwi.

Wauza mchele walikuwa wengi. Niliuliza kila meza kama wanamjua kijana aliyetoka Doha, anayevaa boshori juani. Wa sita akaweka chini kikombe cha kupimia.

"Huyo ni wangu. Hata kulala analala nayo. Alianguka kazini, akaumia kichwa. Wewe ni nani kwake?"

Ameenda mazishini, akasema, atarudi usiku. Nikabaki nimesimama na ujumbe wangu. Kumwambia mama ukweli ni kumfunua kijana; kunyamaza ni kumwacha akihesabu dola kwenye mto.

"Mwambie yule dada wa gari bovu ameuliza. Walizopandikiza zikianguka, asihofu. Shina liko chini. Mwezi wa nne zitaota."

"Walizopandikiza nini?"

Nikatazama mashamba nyuma yake. "Mbegu," nikasema.

Akanitazama kilemba, akakitazama tena. "Mpunga nao ukishapandikizwa hugeuka manjano kama umekufa," akasema, akichota. "Kilo mbili?"

"Kilo mbili."

Alinitoza mia nne na arobaini. Nakuru, sokoni kwetu, mchele huo huo wa Ahero ni mia mbili kilo.