Nilivyojifunza kuzisoma ripoti za ajali za droni za kijeshi

Kazi yangu ni kupima mashamba na kingo za mito kwa ndege ndogo zisizo na rubani, huku Morogoro. Vijana walipoongezeka kikosini nilikabidhiwa jukumu la kuandaa utaratibu wa ukaguzi kabla ya kurusha. Vijitabu vya watengenezaji vinasema kagua betri, kagua pangaboi, angalia upepo. Havisemi ndege huanguka vipi, na mimi sikuweza kumfundisha mtu kuzuia jambo ambalo sijui linavyoanza.

Wanaojua ni wanajeshi. Wao wamerusha droni mamilioni ya saa na wamezipoteza kwa wingi. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilihesabu droni kubwa za jeshi la Marekani zaidi ya 400 zilizopata ajali kubwa tangu 2001. Jambo jema ni kwamba baadhi ya ajali hizo zilichunguzwa kwa kina na ripoti zake ziko wazi kwa yeyote.

Mwanzoni zilinichosha. Kila mstari una vifupisho, na ukurasa wa kwanza unakupa hitimisho kabla hujajua kisa chenyewe. Nilichofanya ni kuuruka ukurasa huo. Niliingia moja kwa moja kwenye mfululizo wa matukio, nikawa nauandika upya kwa Kiswahili katika daftari lenye safu tatu: ndege ilipatwa na nini, rubani aliona nini kwenye skrini yake, na ndege ilifanya nini yenyewe bila kuagizwa. Safu hizo mbili za mwisho ndizo zilizonifundisha kazi.

Ajali niliyoikalia muda mrefu kuliko zote ni ile ya Nogales, Arizona, nchini Marekani, ya tarehe 25 Aprili 2006. Ndege ilikuwa droni kubwa ya Predator B, aina ileile ambayo jeshi la anga la Marekani linaiita Reaper, ila hii ilikuwa ya kikosi cha kulinda mpaka. Droni kama hiyo huongozwa na rubani aliyeketi ardhini, kwenye meza yenye skrini. Usiku wa manane, skrini ya meza ya rubani iliganda. Mezani pa pili, jirani yake, alikuwapo mtu wa kamera. Meza hizo mbili zimefanana, na rubani anaweza kuhamishia uongozi kwenye ile ya pili. Akahamisha.

Sasa tazama kilichofuata. Kwenye meza ya rubani kuna wenzo, yaani mkono wa kusukuma na kuvuta, unaoruhusu au kukata mafuta ya injini. Kwenye meza ya kamera wenzo huohuo hufungua na kufunga tundu la lenzi. Meza ya kamera ilipogeuka kuwa ya rubani, wenzo wake ulikuwa umekaa mahali ambapo kwa kamera hapana madhara, lakini kwa injini maana yake ni kukata mafuta. Injini ikazimika. Orodha ya ukaguzi ilitaka nyenzo hizo za meza zote mbili zilinganishwe kabla ya kuhama, lakini hazikulinganishwa. Hapakuwa na kengele ya pekee ya kumwambia rubani kwamba injini imezima. Aliona tu ndege inashuka, akakata mawasiliano kwa makusudi ili ndege ifuate mpango wake wa dharura, yaani ipande juu na kuzunguka kwenye njia iliyopangwa. Ndege isiyo na injini haipandi. Tena, ilipobaki na umeme wa betri tu, ilizima yenyewe baadhi ya vifaa ili kuokoa chaji, ikiwemo mawasiliano ya setilaiti ambayo yangeweza kutumika kuwasha injini upya. Ikaanguka karibu na nyumba za watu. Hakuna aliyeumia.

Niliwasimulia vijana kisa hiki hatua kwa hatua, na mmoja akaniuliza, "Kaka, sasa hapo si kosa la rubani?" Nikamjibu kwamba rubani aliruka hatua, ndiyo, na NTSB, bodi ya uchunguzi ya Marekani, ilisema hivyo. Lakini bodi hiyohiyo ilitoa mapendekezo 22, na mengi yanahusu meza, kengele, mafunzo na usimamizi. Skrini zilikuwa zimeganda mara nyingi kabla ya usiku ule, na watu walikuwa wameshazoea kuhama meza badala ya kutafuta chanzo. Ukiishia kwenye neno "kosa la rubani", kesho unamweka rubani mwingine mbele ya wenzo uleule.

Baada ya hapo ndipo takwimu zilipoanza kuniingia akilini. Utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani wa mwaka 2003 uligawa vyanzo vya ajali za droni zake hivi: injini na mfumo wa nguvu asilimia 37, mfumo wa kuongoza ndege 26, makosa ya watu 17, mawasiliano 11, na mengineyo 9. Nilikuwa nimesikia mno habari za mawasiliano kukatika, kumbe injini peke yake inayazidi mara tatu. Kwa kila saa 100,000 za kuruka, Predator, ile ya awali iliyotangulia Predator B, ilikuwa na ajali kubwa 32 na Pioneer, droni nyingine ya zamani, 334, wakati ndege ndogo za kiraia zenye rubani zilikuwa na kama 1. Predator ilianza mwaka 1994 kama mradi wa majaribio, na mwaka uliofuata ikawa tayari angani mwa Bosnia. Ilikuwa na injini moja, na vifaa vingi havikuwa na akiba. Kasoro za namna hiyo hazikuishia kwake: mwaka 2015 Reaper zilisumbuliwa sana na jenereta zilizokuwa zikifa hewani na kuziacha zikitegemea betri.

Na rubani aliye mbali hasikii mngurumo ukibadilika, hahisi mtikisiko, hanusi harufu ya kuungua. Anachojua ni kile ambacho skrini imeamua kumwonyesha.

Haya si mambo ya Arizona tu. Droni za Umoja wa Mataifa aina ya Falco zilianza kuruka Goma Desemba 2013, na Januari 2014 moja ikaanguka uwanjani hapo. Oktoba 2006 droni ya Ubelgiji aina ya Hunter iliangukia mji wa Kinshasa na kuua. Chini ya ndege hizi wanaishi watu, na nataka kila kijana wangu akumbuke hilo anaposhika rimoti.

Utaratibu tulionao sasa umetokana na daftari lile. Kabla ya kurusha, anayerusha anataja kwa sauti: mawasiliano yakikatika ndege hii itapanda hadi wapi, itapita njia gani, na je, kwenye njia hiyo kuna mnara au kilima? Mwenzake anathibitisha kwenye ramani. Swichi zote za rimoti ya akiba zinalinganishwa na za ile inayotumika, hata kama hatutarajii kuihitaji. Skrini ikiganda hata mara moja, kazi ya siku hiyo inasimama na tunaandika ilikuwa inafanya nini ilipoganda. Wateja wengine hununa. Nawaeleza sababu, na wengi wakishasikia kisa cha ule wenzo wanaelewa.

Kwa anayetaka kuanza kusoma mwenyewe, aanze na ripoti ya NTSB ya Nogales kabla ya zile za jeshi la anga. Ni fupi, na mapendekezo yake 22 yanaweza kubandikwa ukutani na kujibiwa moja moja kuhusu ndege uliyonayo. Sisi yale ya kengele za tahadhari bado tunayafanyia kazi: rimoti zetu hulia mlio mmoja kwa betri ndogo na kwa mawasiliano hafifu, na tunatafuta namna ya kuitenganisha milio hiyo kabla ya msimu wa mvua za masika, ambapo tunarusha karibu na mto.