Maji ya bahari sebuleni: chunga kinachoingia

Kifaa ninachokishika mara nyingi kuliko vyote karibu na tangi langu la samaki wa bahari ni dumu la maji yasiyo na chumvi. Siyo hita, siyo skima ya kutoa uchafu kwa mapovu, wala zile chupa ndogo za vipimo zinazojaza droo. Ni dumu. Asubuhi kabla ya kuwasha taa naangalia mstari niliouchora kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye chumba cha pampu cha tangi, naona maji yameshuka kiasi gani, namimina polepole mpaka yaufikie mstari. Basi.

Anayeanza kufuga samaki wa bahari hushtuka akiona hivyo. "Si utayazimua?" Siyazimui. Maji yanayogeuka mvuke huondoka peke yake, chumvi yote hubaki tangini. Ukijazia maji ya chumvi unaongeza chumvi juu ya chumvi. Piga hesabu mwenyewe: maji ya bahari yana chumvi ya kiasi cha gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10 bila kujaziwa, 35 inakuwa karibu 37. Likipoteza lita 20, imeshafika karibu 39. Samaki mzima anaweza kuvumilia kwa muda, lakini konokono na kamba wataanza kulegea, na matumbawe yatajikunja. Sasa chukua tangi la lita 40: lita 2 tu zikipotea limeshafika kwenye hiyo 37. Ndiyo maana mtu akiniambia ataanza na tangi dogo "kwa majaribio" namwambia amechagua mtihani mgumu zaidi. Maji mengi hukupa nafasi ya kuzubaa kidogo, machache hayakupi.

Kipimo cha chumvi nacho kina vituko vyake. Zile haidromita za plastiki zenye mkono unaocheza hudanganya mara tu povu dogo linaponata kwenye mkono, au chumvi inapoganda kwenye egemeo lake. Naigonga kwa kidole mpaka mapovu yapande, kisha nasoma. Refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ni bora, lakini usiirekebishe kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, peke yake ukadhani umemaliza. Inaweza kusoma sifuri vizuri kabisa na bado ikakosea kwenye 35, na hapo kwenye 35 ndipo unapopahitaji. Tumia kimiminika maalumu kilichotengenezwa kiwe 35 kamili. Na ukishapata usomaji unaouamini, andika na tarehe.

Kuhusu maji yenyewe sina mjadala mrefu. Maji ya bomba yana klorini au kloramini, na mara nyingi yana nitrati, fosfati, silika, na wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba kidogo tu, ambayo wewe unainywa bila kujua, inaua kamba, kaa na konokono. Mimi natumia maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, inayoyasukuma kupitia utando mwembamba sana, na baadaye kwenye chembechembe za kuondoa ioni, na kale kamita kadogo ka TDS, kanakopima vitu vilivyoyeyuka majini, kakianza kunionyesha namba badala ya sifuri najua chembechembe zimechoka. Wanaopenda kuchota baharini wanafanya jambo la zamani na lenye mantiki, ila maji ya ufukweni baada ya mvua, au karibu na mdomo wa mto, huja yamezimuliwa na kubeba kila kilichosombwa kutoka nchi kavu. Wanaochanganya chumvi nyumbani nao si wa juzi. Mwingereza Philip Henry Gosse alikuwa akitengeneza maji ya bahari ya bandia mnamo 1854 kwa aina nne tu za chumvi. Za siku hizi zina mchanganyiko mpana zaidi, lakini kanuni ya kuchanganya haijabadilika: chumvi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, siyo maji kwenye chumvi. Ukigeuza, kalsiamu inaganda kuwa unga mweupe chini ya ndoo na hairudi tena. Weka pampu ndani, acha izungushe usiku kucha, pima chumvi, pima joto, ndipo yaingie tangini.

Yote hayo ni ya mlangoni. Kinachoyaharibu maji kwa kweli, siku baada ya siku, ni chakula.

Mwanangu wa mwisho anawapenda wale samaki kuliko mimi, na mapenzi yake huyaonyesha kwa kulisha. Kangaja, mmoja wa samaki hao, anajua hilo. Mtoto akipita tu karibu na kioo, yule samaki anakimbilia pembe ya juu na kuanza kupigapiga maji kama hajala tangu mwaka jana. Nimeuficha mkebe wa chakula juu ya kabati. Siyo ubahili. Kila punje inayoingia lazima itoke, na njia za kutoka ni chache.

Chukua kipande kimoja cha kamba kilichoanguka nyuma ya jiwe, samaki hawakukiona. Kinaoza, kinatoa amonia. Bakteria waishio juu ya mawe na mchangani huibadilisha amonia kuwa nitriti, wengine huibadilisha nitriti kuwa nitrati. Amonia ndiyo ya kuogopa, na kwenye maji ya bahari inatisha zaidi kwa sababu ya pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1, kwenye 8.2, ambako tangi la bahari huishi, sehemu hiyo huzidi mara kumi. Nitriti, kinyume chake, haiwadhuru samaki wa bahari kama inavyowadhuru wa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa kloridi iliyojaa majini huizuia kupenya kwenye mashavu yao. Nitrati hubaki. Haina haraka, inajikusanya tu.

Hao bakteria huhitaji muda kuzaana, mara nyingi wiki 4 hadi 6 kwenye tangi jipya, na hakuna anayeweza kuwaharakisha kwa kuwakodolea macho. Tangi lililojazwa jana na kuingizwa samaki leo halina wa kuishughulikia amonia hiyo. Na ukishawapata, usiwaue: sponji la chujio lisuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, siyo chini ya bomba lenye klorini.

Nirudi kwenye nitrati, maana hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya kwa kubadilisha maji. Tuseme tangi lako lina nitrati miligramu 40 kwa lita na unataka 20. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, utafika 36, halafu 32, halafu 29, na itakuchukua wiki saba kuivuka 20. Na hapo nimejifanya kwamba hakuna nitrati mpya inayoingia. Inaingia. Kama chakula unachotoa kinaongeza miligramu 4 kwa lita kila wiki, basi hiyo asilimia 10 yako haitalishusha tangi hata kidogo; litabaki kwenye 40 miaka nenda rudi, kwa kuwa asilimia 10 ya 40 ni 4, kinachotoka kimelingana na kinachoingia. Punguza chakula mpaka kiongeze 2, na tangi lilelile, kwa ndoo zilezile, litashuka lenyewe hadi 20. Nilipoiandika hesabu hii kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, mjadala wa kulisha mara tatu kwa siku uliisha nyumbani kwangu. Karibu uishe.

Kwa hiyo nalisha kidogo, nasimama hapo nikiangalia, na kinachofika mchangani bila kuliwa ndicho kipimo changu cha kesho. Chakula kilichogandishwa nakiyeyusha kwenye kichujio kidogo na kuyamwaga yale majimaji yake. Wapo wanaosema mchango wa majimaji hayo ni mdogo. Sawa, ni mdogo, lakini kuyamwaga hakunigharimu chochote.

Kubadilisha maji bado nabadilisha, kwa sababu nyingine pia: unapata nafasi ya kufyonza uchafu kabla haujaoza. Zima pampu kwanza, utulie, uchafu ushuke. Kisha peleka mdomo wa bomba kwenye kona ambako mkondo wa maji haufiki, nyuma ya mawe, na pale chini ya pampu. Utaona vumbi la kahawia likinyanyuka, likisitasita, kisha likivutwa kwenye bomba lote kwa pamoja. Sifukui mchanga wote kwa siku moja. Nafanya sehemu, wiki ijayo sehemu nyingine. Sponji na soksi za chujio zinahitaji kutolewa kila baada ya siku chache. Uchafu ulionaswa kwenye soksi bado umo majini, unaoza humo humo, umebadilisha chumba tu.

Kati ya vifaa, skima ndiyo pekee inayoutoa uchafu nje kabisa kabla haujavunjikavunjika. Mapovu madogo madogo hupanda, mafuta na protini hunata juu yake, na juu kabisa povu hufurika kwenye kikombe. Maji ya chumvi hutengeneza mapovu madogo kuliko maji yasiyo na chumvi, ndiyo maana kifaa hiki kinafanya kazi vizuri huku kwetu. Kikombe kikijaa majimaji ya kahawia yaliyokoza, yanayonuka kiasi cha kumfanya jirani aulize, furahi. Lakini utando wa uchafu unaobaki kwenye shingo ya kikombe uupanguse, maana ukishakuwa mnene povu halipandi tena.

Namba nyingine nazipitia kwa haraka. Joto kati ya nyuzi 24 na 27, na afadhali 26 ya kila siku kuliko 25 inayoruka kwenda 28 kila mchana. Ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, kati ya 8 na 11 kwa kizio cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi 1,300 hivi; kama huna matumbawe magumu, mambo haya matatu yatashughulikiwa na maji mapya unayobadilisha. Kuhusu pH, acha kuikimbiza kwa chupa za dawa. Hushuka usiku kwa kuwa mwani haufyonzi kaboni dioksidi gizani, na huwa chini zaidi kabla ya mapambazuko. Ukipima alfajiri leo na jioni kesho utadhani tangi limeugua. Chumba kilichojaa watu na madirisha yamefungwa huishusha pia. Fungua dirisha kabla hujafungua chupa.

Na usiitamani sifuri. Tangi ambalo nitrati na fosfati zimeisha kabisa huwa mahali pazuri pa dinoflajelata, ule ute wa kahawia wenye nyuzi na mapovu unaofunika mchanga mchana. Amonia iwe sifuri, ndiyo. Nitrati ya 5 au 10 haimdhuru mtu.

Mikono: isuuzwe kwa maji mengi, bila sabuni wala mafuta ya ngozi, kabla haijaingia. Dawa ya mbu ya kupuliza isipulizwe chumba kilekile, maana pampu ya hewa itaivuta hadi majini. Samaki mgonjwa anayehitaji dawa ya shaba atibiwe kwenye tangi lake la pembeni, kwa sababu shaba hujificha kwenye mawe na mchanga na kurudi majini baadaye, wakati wewe umeshasahau na umenunua kamba.

Umeme ukikatika, usihangaike na taa wala skima. Kinachoisha kwanza ni oksijeni, na huisha haraka zaidi maji yakiwa ya moto na samaki wakiwa wengi. Pampu ndogo ya hewa ya betri, jiwe la mapovu, na betri za akiba mahali ambapo hata gizani utazipapasa. Siku hiyo usilishe. Mwambie na mtoto.