Bentonaiti haiondoi tindikali

Nikiitwa kutazama bwawa linalovuja kwenye udongo wenye tindikali, mara nyingi nakuta mwenyewe ameshanunua magunia ya bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi. Kaambiwa mfinyanzi huo utaziba bwawa na kutibu tindikali kwa mpigo mmoja. Huniuma, maana hiyo ni fedha na jasho la mtu.

Mfinyanzi hushika sehemu ndogo tu ya tindikali. Kazi yake ni kuziba: bentonaiti ya sodiamu ikilowa huvimba sana na kujaza vinyweleo vya udongo. Kinachopunguza tindikali ni chokaa. Lakini ole wako ukivichanganya! Kalsiamu ya chokaa huing'oa sodiamu na kukaa mahali pake, na bentonaiti iliyopoteza sodiamu haivimbi tena kama zamani. Alumini inayoyeyuka kwenye udongo wenye tindikali kali hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana bwawa hushika maji kwa muda, kisha yakaanza kushuka.

Kabla gunia halijafunguliwa, nataka nione bilauri mbili. Koroga udongo wa chini ya bwawa kwenye maji, uache utuame, mimina maji ya juu katika bilauri moja. Ya pili itie maji ya mvua. Nyunyiza bentonaiti kidogo kidogo, kiasi sawa kila upande, uache mpaka kesho yake. Kwenye maji ya mvua itafura iwe nzito kama uji. Upande wa pili ukiikuta imelala chini, imesinyaa, na maji juu yake yameng'aa, basi hapo usimwage kitu.

Tanguliza chokaa ya kilimo, uichanganye na udongo wa chini, uuweke unyevu kwa wiki kadhaa, kisha upime pH, yaani kiwango cha tindikali. Juu yake weka tabaka la udongo usio na tindikali wala chokaa, na humo ndimo bentonaiti iingie, kilo 5 hadi 15 kwa mita ya mraba. Udongo wa kichanga hutaka nyingi zaidi. Shindilia barabara.

Tope jeusi linalonuka mayai viza ni habari nyingine. Mara nyingi lina piraiti, madini ya chuma na salfa, na likikauka hewa huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ukaona mabaka ya njano. Hilo lisiachwe wazi juani hata kidogo. Kingo nazo zifunikwe udongo mzuri, kwa sababu mvua huosha asidi ya huko ikaingia bwawani hata kama chini umeziba vizuri.