Barua za baba kutoka vitani

Barua za baba zote zilianza namna moja: "Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu." Hapo bibi alikuwa ananikatiza, anataka nirudie. Nilikuwa darasa la tano, Magomeni, na kumsomea barua ilikuwa kazi yangu.

Baba alikuwa mpima ardhi aliyepitia mgambo. Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, Novemba 2, 1978, kutangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, hazikupita siku nyingi naye akaitwa. Vita vimefika wapi tuliambiwa na Radio Tanzania: Kyaka, Mutukula, Masaka mwezi wa Februari, Kampala Aprili 11. Barua hazikutaja hata kijiji. Ziliuliza kama paa bado linavuja, kama nimeshajua sehemu na desimali. Moja ilisema udongo wa huko ni mzuri, bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, ukiisimika haiyumbi. Mama alicheka mpaka akalia.

Alirudi wakati tumeambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, sabuni na sukari ni kwa foleni. Ofisini walimpokea vizuri. Jumamosi moja akanichukua kwenda Sinza, kwenye viwanja vilivyokuwa vikipimwa, nikashike utepe.

Palikuwa na majani yamefika kiunoni. Wenzake walikuwa wameshavuka. Baba alifika ukingoni, akasimama, macho chini, teodolaiti, chombo chake cha kupimia, begani. Nilimwita, hakuitika. Jasho lilimtiririka shingoni na jua bado la asubuhi.

Msaidizi wake, mzee wa Kizaramo, aligeuka akamwona. Hakuuliza neno. Alirudi na panga lake, akafyeka ile njia upya, taratibu, mpaka udongo ukaonekana mwanzo hadi mwisho.

"Pita, mwanangu. Hapa pana mihogo ya watu tu."

Baba akapita. Kule ng'ambo akasimamisha chombo, akasawazisha kiputo, akaanza kunitajia vipimo kwa sauti ileile ya zamani, nami naandika.

Kwenye basi la UDA akaniambia, "Aliyekuwa mbele yangu hakuvuka." Kisha akaomba daftari aone kama nimeandika sawasawa.

Watu husema kazi ndiyo iliyomponya. Mimi humtaja mzee yule, maana miezi kadhaa alimtangulia na panga kila uwanja, hata penye majani ya kufika kifundo cha mguu, na sikumsikia hata mara moja akimwuliza baba kuhusu vita.